Shaba na Kobalti Mbele ya Uga wa Sumaku

Katika mawe ya Kilembe, kwenye miteremko ya Rwenzori juu ya mji wa Kasese nchini Uganda, shaba na kobalti hukaa katika mwamba mmoja, zikiwa zimefungamana na chuma na salfa, kiasi kwamba mchimbaji aliyeitafuta ya kwanza aliitoa ardhini na ya pili. Katika fizikia ya baridi kali, metali hizi mbili husimama pande zinazokinzana: shaba, ikishaungana na oksijeni katika mpangilio maalumu, hubeba umeme bila kupoteza chochote njiani, ilhali kobalti ni miongoni mwa metali chache zilizo sumaku kwa asili yake, na sumaku ndiyo inayoiharibu hali hiyo ya umeme usiopotea. Kwa hiyo mtu wa Kasese au wa Bwera anayetafakari jinsi uga wa sumaku unavyoathiri tando nyembamba zipitishazo umeme bila ukinzani, anatafakari jambo ambalo malighafi zake zimo katika ardhi yake mwenyewe. Hoja ya tafakari hii ni kwamba umeme usiopotea haulindwi kwa kuifukuza sumaku kila mahali, bali kwa kuipatia mahali pa kutulia, na kwamba mahali hapo, mara nyingi, ni kasoro.

Metali ya kawaida hupitisha umeme kwa gharama. Elektroni, yaani chembe ndogo zenye chaji hasi ambazo mwendo wake ndio mkondo wa umeme, hugongana na atomu zinazotikisika kwa joto na hukwazwa na uchafu uliomo ndani ya metali, na kila mgongano hugeuza sehemu ya nishati kuwa joto; kizuizi hicho ndicho kiitwacho ukinzani. Mwaka 1911, katika maabara ya Leiden nchini Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes, ambaye miaka mitatu kabla alikuwa mtu wa kwanza kuifanya gesi ya heliamu kuwa kimiminika, aliipoza zebaki hadi kelvini 4.2, yaani takribani nyuzi 269 za selsiasi chini ya sifuri, akaona ukinzani wake ukitoweka ghafla. Kitu chenye sifa hiyo huitwa supakondakta, na kiwango cha joto ambacho chini yake sifa hiyo hujitokeza huitwa halijoto ya mpito. Maelezo ya kutosheleza yalichelewa hadi mwaka 1957, John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer walipoonyesha kwamba katika baridi hiyo elektroni hushikana mbili mbili, na kwamba jozi zote husogea kwa mwafaka mmoja, hivi kwamba atomu inayotikisika haiwezi kuitenga jozi moja na mwendo wa jozi nyingine zote.

Mpaka wa hali hiyo ulijulikana mapema. Uga wa sumaku ni eneo ambamo nguvu ya sumaku huhisika, likiwa na ukubwa wake na mwelekeo wake katika kila nukta, na ukubwa huo hupimwa kwa tesla. Onnes alitumaini kuzungusha waya wa supakondakta ili apate sumaku ya umeme yenye nguvu nyingi isiyopata moto, lakini kufikia mwaka 1914 alikuwa ameshatambua kwamba uga wa sehemu moja tu ya kumi ya tesla, ambao sumaku ndogo ya kawaida huweza kuufikia, unatosha kuirudisha risasi katika ukinzani wake, hata ikiwa bado imo katika baridi ya heliamu. Mkondo ambao ungeizalisha sumaku ulikuwa unaivunja hali iliyouwezesha mkondo wenyewe kupita.

Sababu ilifahamika vizuri zaidi baada ya mwaka 1933, Walther Meissner na Robert Ochsenfeld walipogundua nchini Ujerumani kwamba supakondakta huusukuma nje uga wa sumaku uliomo ndani yake. Kuusukuma uga ni kazi inayolipiwa kwa nishati, na nishati pekee iliyopo kwa malipo hayo ni ile iliyookolewa elektroni ziliposhikana jozi. Uga unapokua hadi gharama ikakizidi kiasi kilichookolewa, jozi huachana na metali hurudi katika hali ya kawaida. Kizingiti hicho huitwa uga wa ukomo. Miaka miwili baadaye ndugu wawili, Fritz na Heinz London, walionyesha kwamba uga haukomei usoni kabisa mwa supakondakta, bali huingia ndani huku ukififia, katika umbali unaoitwa kina cha upenyo, ambao katika vitu vingi ni makumi au mamia ya nanomita, nanomita moja ikiwa sehemu moja ya milioni ya milimita.

Wembamba unapoingia katika habari hii, hesabu yote hubadilika. Utando mwembamba ni tabaka la metali au la kampaundi lililotandazwa juu ya msingi mgumu, kwa kawaida kwa kuivukiza metali ndani ya ombwe na kuiacha itue atomu kwa atomu, hadi lifikie unene wa nanomita chache au mamia kadhaa. Utando wenye unene mdogo kuliko kina cha upenyo, ukiwekwa sambamba na uga, hauna ndani ya kutosha ambamo uga huo ungefukuzwa; uga huupenya karibu wote, utando haulipi gharama kubwa ya kuusukuma nje, na jozi zake hudumu katika uga ambao ungeliangamiza pande nene la metali ileile. Alumini nene huipoteza hali ya supakondakta katika uga wa takribani sehemu moja ya mia ya tesla, lakini tando za alumini zenye unene wa nanomita 4 au 5 zimestahimili uga unaokaribia tesla 5, yaani mamia ya mara zaidi, bila kubadilishwa chochote katika metali hiyo isipokuwa umbo lake. Sharti la ustahimilivu huo ni usambamba, na ni sharti gumu, kwa kuwa utando ukiinama hata kwa sehemu ya digrii, uga hupata sehemu inayoukabili utando uso kwa uso, na sehemu hiyo hufuata kanuni nyingine kabisa.

Jambo la mwelekeo lina maana ya pekee katika ukanda wa ikweta, kwa kuwa dunia yenyewe ina uga wa sumaku, na uga huo haulali kwa namna moja kila mahali. Karibu na ncha za dunia mistari ya uga huzama ardhini takriban wima, na nguvu yake hupita mikrotesla 60, yaani sehemu 60 za milioni ya tesla. Kasese nguvu hiyo ni takribani mikrotesla 33, na mistari yenyewe hulala karibu sambamba na ardhi. Barabara iendayo Bwera hupita karibu na Kikorongo, palipo na alama ya ikweta ya ramani, lakini ikweta ya sumaku, ambapo mistari ya uga hulala kabisa bila kuinama, hupita mbali kaskazini, huko Ethiopia. Ndiyo maana Kasese, ingawa mji wake uko kaskazini kidogo ya ikweta ya ramani, kwa sumaku ni nchi ya kusini. Sindano ya chuma iliyofungwa uzi katikati hadi ikatulia sawasawa, kisha ikatiwa sumaku na kuning'inizwa tena, haitabaki imelala: ncha yake inayoelekea kaskazini itainuka, kwa pembe ya takribani digrii 20, kwa sababu mistari ya uga hapa hutoka ardhini ikipanda kuelekea kaskazini. Utando wa supakondakta uliolazwa juu ya meza mjini Kasese ungepokea sehemu kubwa ya uga wa dunia ubavuni, kwa usambamba, ilhali utando uleule juu ya meza iliyo karibu na ncha ya dunia ungeupokea wote usoni.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu ya kile kinachotokea uga unapoukabili utando uso kwa uso. Eneo la utando ni kubwa mno kulinganisha na unene wake, hivyo mistari ya uga, ili isipenye, ingelazimika kujipinda hadi kwenye kingo na kusongamana hapo, na msongamano huo huvunja kizuizi cha kingo hata uga wenyewe ukiwa dhaifu. Uga unaoingia hauingii ukiwa umetandaa. Alexei Abrikosov wa Umoja wa Kisovieti alieleza mwaka 1957 kwamba katika supakondakta za aina ya pili, ambazo ndizo zenye manufaa zaidi katika ufundi, uga huingia ukiwa umegawanyika katika nyuzi nyembamba, na kila uzi huzingirwa na mkondo wa umeme unaozunguka bila kukoma. Mzunguko wa namna hiyo unaweza kuitwa kisulisuli: katikati yake, katika upana wa nanomita chache au makumi kadhaa, jozi za elektroni hutoweka na metali huwa ya kawaida, na nje ya hapo umeme huendelea kupita bila ukinzani. Visulisuli vyote hubeba kiasi kilekile cha flaksi, yaani cha jumla ya uga upitao katika eneo fulani. Majaribio ya mwaka 1961, yaliyofanywa wakati mmoja Marekani na Ujerumani, yalithibitisha kwamba flaksi ndani ya supakondakta hugawanyika kwa vipimo visivyokatika. Kila kipimo ni kilekile popote duniani, kwa alumini, kwa risasi na, kama ilivyoonekana baadaye, kwa oksidi za shaba.

Kutokana na udogo wa kipimo hicho, hata uga wa dunia huzaa visulisuli kwa wingi. Utando mpana uliopozwa Kasese bila kinga, ukiwa umesimamishwa ili mistari ya uga iupige usoni moja kwa moja, utakuwa na visulisuli takribani 16,000 katika kila milimita ya mraba, vikiachana kwa kiasi cha sehemu 8 za elfu za milimita. Ukilazwa mezani, ambapo ni sehemu ndogo tu ya uga inayoukabili, idadi hushuka hadi kama thuluthi. Vifaa vya tando za niobiamu vinavyotumiwa kupima sumaku hafifu ya ubongo au ya moyo husumbuliwa na visulisuli hivi, kwa maana kila kimoja kinaposogea huacha kelele katika kipimo, na kwa sababu hiyo mafundi huvizungushia vifaa hivyo ngao za metali zinazounywa uga wa dunia kabla haujafika. Wembamba nao huongeza ukubwa wa kila kisulisuli. Judea Pearl, ambaye baadaye alipata sifa kubwa zaidi katika sayansi ya kompyuta, alionyesha mwaka 1964 kwamba katika utando mwembamba mkondo unaokizunguka kisulisuli husambaa mbali kuliko kina cha upenyo: ikiwa kina hicho ni nanomita 100 na unene wa utando ni nanomita 10, mkondo huenea hadi nanomita 2,000 hivi, na visulisuli huanza kuhisiana vikiwa bado mbali.

Visulisuli si dhana ya kimahesabu tu. Mwaka 1967 Uwe Essmann na Hermann Träuble, huko Stuttgart, walinyunyizia juu ya supakondakta iliyopozwa chembechembe laini sana za metali inayovutwa na sumaku, zikatua pale tu ambapo uga ulikuwa unatoka nje, kisha wakaukagua uso huo kwa hadubini ya elektroni. Kilichoonekana ni madoa yaliyojipanga kwa utaratibu, kila doa likizungukwa na mengine sita kwa umbali unaolingana, kwa sababu visulisuli vinavyozunguka upande mmoja husukumana na kila kimoja hutafuta nafasi iliyo mbali na majirani zake wote. Katika picha hizo mpangilio huonekana pia ukipotoka hapa na pale, safu ikikatika au doa likikosa jirani mmoja, mahali ambapo metali yenyewe ilikuwa na dosari.

Mpotoko huo mdogo ndio kiini cha suala zima. Mkondo wa umeme unapopitishwa katika utando wenye visulisuli, kila kisulisuli husukumwa kando, kwa pembe mraba na mkondo, na kikianza kutembea hula nishati ya mkondo huo. Ukinzani hurudi, ingawa jozi za elektroni bado zipo na baridi haijapungua. Supakondakta ya aina ya pili iliyo safi kabisa, yenye fuwele isiyo na dosari hata moja, haiwezi kubeba mkondo bila hasara pindi visulisuli vinapoingia, kwa sababu hakuna kitu cha kuvizuia visitembee. Kasoro hubadilisha hali hiyo: pale ambapo jozi zimeshadhoofika kwa sababu ya uchafu, ufa au chembe ya kitu kigeni, kisulisuli hupata nafuu, kwa kuwa hakilazimiki kuzivunja jozi kwa gharama mpya, na hujibandika hapo. Kisulisuli kilichoshikwa hivyo ni sawa na mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi katika miteremko ya Bwera, ambaye hula kwa urefu wa kamba yake na haliharibu shamba la jirani. Mkondo humvuta, naye hujongea kidogo, lakini haendi mbali hadi nguvu inayomvuta iwe kubwa kiasi cha kukata kamba. Mkondo wa juu kabisa ambao utando unaweza kuubeba bila hasara, basi, haupimwi kwa usafi wake, bali kwa wingi, ukubwa na mpangilio wa vigingi vyake.

Mtu aliyezoea kudhani kwamba ubora ni ukosefu wa dosari hana budi kulitafakari jambo hili kwa utulivu. Waundaji wa tando za siku hizi hupanda kasoro kwa makusudi: katika oksidi za shaba huchanganya zirkonati ya bariamu, ambayo tabaka linapokua hujipanga katika vijiti vyembamba vya nanomita chache, vimesimama kutoka msingi hadi juu, kila kimoja kikiwa tayari kukishika kisulisuli katika urefu wake wote. Kiasi lazima kiwe cha wastani, kwa kuwa kasoro zikizidi huziharibu njia za mkondo wenyewe, na zikipungua visulisuli huachwa huru. Ustadi umo katika kujua kasoro ipi iwekwe, kwa ukubwa gani, na ikielekea wapi kwa kadiri ya uga unaotarajiwa.

Joto nalo huingia katika ugomvi huu kwa njia ya pekee kwenye tando. Vadim Berezinskii, na baada yake John Kosterlitz na David Thouless, walieleza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba katika tabaka jembamba visulisuli vinaweza kuzaliwa hata pasipokuwa na uga wa nje, viwili viwili, kimoja kikizunguka kulia na mwenzake kushoto. Katika baridi ya kutosha wenzi hao hubaki pamoja na madhara yao hufutana, na joto likipanda hutengana na kuanza kuzurura, na ukinzani hurudi. Kosterlitz na Thouless walitunuzwa Nobeli mwaka 2016, Duncan Haldane akiwa mwenzao, kwa kazi iliyojengwa juu ya wazo hilo. Katika tando fulani zenye vurugu nyingi ndani, kama zile za oksidi ya indiamu ambazo Arthur Hebard na Mikko Paalanen walizichunguza mwaka 1990, kuongeza uga ulioukabili utando hakuurudishi katika hali ya metali ya kawaida, bali huugeuza kuwa kihami, kitu kinachokataa kupitisha umeme. Utando mmoja, kwa kuongezewa uga tu, husafiri kutoka upitishaji usio na hasara hadi ukataaji.

Hata pale ambapo visulisuli vimeepukwa, yaani utando ukiwa mwembamba sana na uga ukiwa sambamba nao, sumaku ina njia ya pili ya kuwafikia wenzi waliomo katika jozi. Kila elektroni ni sumaku ndogo yenyewe kwa sababu ya sifa iitwayo spini, na katika supakondakta za kawaida elektroni mbili za jozi huelekeza spini zao pande zinazopingana. Uga wa nje huzitaka zote mbili zielekee upande mmoja, na ukizidi kiwango fulani huzitenganisha. Albert Clogston na B. S. Chandrasekhar, kila mmoja kwa njia yake, walikokotoa kikomo hicho mwaka 1962, nacho ni takribani tesla 1.84 kwa kila kelvini ya halijoto ya mpito. Robert Meservey na Paul Tedrow, wa Massachusetts, waligeuza udhaifu huo kuwa chombo: mwanzoni mwa miaka ya 1970 walitumia tando za alumini katika uga sambamba, ambamo elektroni za spini mbili hutengana kinishati, kupima ni sehemu gani ya elektroni zitokazo katika chuma, nikeli na kobalti zenye spini ya upande mmoja. Utando wa supakondakta ukawa mizani ya kuipimia sumaku iliyodhaniwa kuwa adui yake.

Kobalti haina haja ya kusubiri uga wa nje, kwa kuwa spini za elektroni zake hujipanga zenyewe na hubaki zimejipanga hadi joto lizidi nyuzi 1,100 za selsiasi, kiwango kilicho juu kuliko cha elementi nyingine yoyote. Ikichanganywa kidogo mahali pa shaba katika oksidi ya supakondakta, halijoto ya mpito hushuka. Utando wa kobalti ukibandikwa juu ya utando wa niobiamu, jozi zinazojaribu kuingia katika kobalti hufa ndani ya nanomita chache. Hata hivyo, kundi la Norman Birge katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan lilionyesha mwaka 2010 kwamba tabaka za sumaku zikipangwa kwa mielekeo tofauti, mkondo usio na ukinzani huvuka kobalti kwa umbali mrefu zaidi, kwa sababu baadhi ya jozi hugeuka na kuwa na spini zilizoelekea upande mmoja, na jozi za namna hiyo haziathiriki na msukumo wa kobalti. Mara nyingine tena ushindi haukuletwa na kuiondoa sumaku, bali na kuipanga.

Upande wa shaba, mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, huko Uswisi, waligundua supakondakta katika oksidi za shaba, na mwaka uliofuata ikapatikana oksidi ya yitriamu, bariamu na shaba yenye halijoto ya mpito ya kelvini 93 hivi, juu ya kelvini 77 ambazo naitrojeni ya kimiminika, iliyo rahisi kupatikana kuliko heliamu, huzitoa. Katika kampaundi hiyo jozi hutembea hasa ndani ya matabaka ya shaba na oksijeni, na kwa hiyo suala la mwelekeo limo ndani ya fuwele yenyewe: uga ulio sambamba na matabaka huvumiliwa zaidi ya ule unaoyakabili. Leo utando wa oksidi hiyo, wenye unene wa takribani sehemu moja ya elfu ya milimita, hutandazwa juu ya utepe wa aloi na kufunikwa kwa fedha na kisha kwa shaba tupu, ili mkondo uwe na pa kupitia salama endapo sehemu ya utando itapata joto na kupoteza hali yake. Katika utepe mmoja, basi, shaba iliyofungwa na oksijeni hubeba mkondo, na shaba tupu huulinda. Mwezi Septemba mwaka 2021, sumaku iliyojengwa kwa tepe za namna hiyo huko Massachusetts ilifikia tesla 20, uga unaozidi ule wa dunia uliopo Kasese takribani mara 600,000, na utando haukushindwa, kwa sababu visulisuli vyake vilikuwa vimeshikwa.

Kiasi cha madini kinachohitajika kwa kazi hiyo kinastahili kuangaliwa kwa makini. Utando wa oksidi hiyo wa mita nzima ya mraba, ukiwa na unene uliotajwa, una ujazo wa sentimita moja ya ujazo, na ndani yake shaba haifiki gramu 2. Kilembe ilitoa shaba kwa maelfu na maelfu ya tani: reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili yake, na madini yaliyochekechwa yalisafirishwa hadi tanuri la Jinja, yakageuzwa metali, yakaenda ng'ambo. Kobalti iliachwa nyuma katika lundo la pairaiti, yaani sulfidi ya chuma, la takribani tani milioni moja, likihesabiwa kuwa mabaki, hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 kiwanda cha Kasese Cobalt kilipoanza kulitibu kwa bakteria ambao huishi kwa kuitumia chuma na salfa, na kwa kufanya hivyo huiachia kobalti iyeyuke na kukusanywa. Kobalti ilikuwamo katika lundo lile miaka yote liliyokaa pale. Kilichobadilika ni maarifa juu yake. Ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, ambako wafanyabiashara wa Bwera na wa Kasindi huvuka kila siku wakisemezana Kikonzo na Kiswahili, liko jimbo la Kivu Kaskazini la Kongo, na huko kusini mwake, Lueshe, kuna mwamba wa pairokloro wenye niobiamu, metali inayotumiwa zaidi ya zote katika tando za supakondakta zinazopima sumaku. Shaba, kobalti na niobiamu, wahusika watatu wakuu wa habari hii, ni majirani katika pembe moja ya Afrika.

Ujirani huo peke yake hauwapi watu wa pembe hiyo chochote, kwa maana thamani ya gramu 2 za shaba katika utando haitoki katika shaba, bali katika kujua kila atomu ikae wapi na kila kasoro iwekwe wapi. Maarifa ya namna hiyo hayachimbwi wala hayasafirishwi kwa reli. Hujengwa shuleni, na hatua zake za kwanza hazihitaji heliamu wala ombwe. Wanafunzi wa sekondari ya Kasese au Bwera wenye sindano, uzi na kipimapembe wanaweza kuupima mwinamo wa uga wa dunia katika uwanja wao wenyewe, wakakokotoa ni sehemu gani ya uga huo inayoukabili utando uliolazwa uso kwa uso, wakaigawa kwa kipimo kimoja cha flaksi, na wakaipata idadi ya visulisuli ambavyo utando huo ungekuwa navyo pale pale walipo, idadi ambayo si ya Leiden wala ya Stuttgart. Nchi iliyoiuza shaba yake kwa tani ina sababu nzuri ya kujifunza kuithamini kwa gramu, na vijana wake wanastahili kufundishwa fizikia hii kama habari ya kwao, kwa vipimo vya kwao.